Suti Ambayo Babu Hakuivaa

Picha ile ilikuja na basi la Dar es Salaam, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Aliyeituma ni mwanangu wa kwanza. Ni picha kubwa, ina fremu ya rangi ya dhahabu na kioo, na ndani yake amesimama mwanamume mwenye suti nyeusi na tai nyekundu. Nyuma yake kuna pazia la buluu na ngazi za marumaru zinazopanda kwenda sijui wapi. Binti yangu, ambaye naishi naye hapa Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, akaifungua, akaipangusa vumbi la safari, akaisimamisha juu ya kochi.

"Mama, umeona Baba alivyopendeza?"

Nikamwuliza, "Baba yupi?"

Alidhani natania. Sikuwa natania.

Tangu mjukuu wetu wa kwanza azaliwe, nyumba nzima ilimwita mume wangu Babu, na mimi nikafuata, kwa hiyo na hapa nitamwita hivyo hivyo. Babu hakuwahi kuwa na suti. Siku aliyonioa alivaa shati la kuazima, na jioni yake mwenye shati akaja kulichukua. Shingo ya kwenye ile picha si yake, ni ya mtu anayekula nyama kila siku. Vijana wa studio walichukua kale kapicha ka kwenye kitambulisho chake, wakakata uso, wakaubandika juu ya mwili wa mtu mwingine. Halafu wakampaka weupe. Makunyanzi yote wameyafuta, kama mtu anavyonyoosha shuka kwa pasi. Na pale alipopigwa picha ya kitambulisho aliambiwa asicheke, afunge mdomo. Babu akifunga mdomo alikuwa anafanana na mtu aliyesingiziwa kuku.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu tumzike, na watoto walikuwa wanaandaa Misa ya kumbukumbu. Siku hizi kumbukumbu ina mambo yake. Lazima kuwe na fulana zenye sura ya marehemu, na bango pale mlangoni ili mgeni asipotee. Sura ya kuweka kwenye fulana na bango ndiyo hiyo ya suti.

Nikampigia mwanangu simu.

"Mwanangu, huyu uliyenitumia ni nani?"

"Ni Mzee, mama. Ndiyo picha pekee ambayo sura yake inaonekana."

"Suti kaitoa wapi?"

"Wamemvalisha studio. Watu wote wanafanya hivyo. Hutaki Baba aonekane mtu?"

"Alikuwa mtu siku zote alizovaa kaptula."

Nikawa nasikia magari ya huko kwake. Kisha akasema taratibu, "Nilitaka kumnunulia suti akiwa hai, mama. Sikumwahi."

Picha ikapigiwa msumari sebuleni, juu ya redio, na mimi nikaizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji.

Shida ilianza baada ya hapo. Nilikuwa na kawaida yangu, nikiwa napembua mchele au nimejilaza mchana, nafumba macho namwangalia Babu. Sihitaji ruhusa ya mtu. Nikifumba, anakuja. Sasa zikapita wiki chache, nikafumba macho, akaja yule wa suti. Nikafumbua, nikafumba tena, akaja yule yule na tai yake. Nikajaribu na kesho yake, na keshokutwa. Jamani, nimelala na Babu tangu ujana wangu, nimemzalia, nimemfua, nimemuuguza, na uso wake sikuupata. Naandika haya kwa sababu hiyo. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, mnivumilie.

Nikasema, nitaanzia miguuni, labda nitapanda mpaka usoni.

Miguu naikumbuka. Ilikuwa myembamba, misuli imejipanga kama kamba za kitanda, vidole vya mbele vimeachana. Babu alikuwa anakimbia. Si kwa ajili ya zawadi, wala hakuna aliyemtuma. Alfajiri alitoka na katambuga zake, vile viatu vya matairi, pa, pa, pa, akashika njia ya zamani ya misafara mpaka karibu na mjini, akageuka, akarudi kuchukua jembe.

Mimi niliolewa hapa kutoka Ntalikwa, na wakwe zangu hawakunionya. Asubuhi ya kwanza nikaamka peke yangu kitandani. Nikatoka uani, hayupo. Nikauliza, mama mkwe akaangalia pembeni. Nikajua tayari, nimekimbiwa. Nikavuta sanduku langu mpaka mlangoni, nikalikalia, nangoja jua lichomoze vizuri nirudi kwetu. Mara namwona anakuja, jasho linamtiririka mpaka kwenye visigino.

"Umetoka wapi?"

"Kukimbia."

"Nani alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini?"

Akaniangalia mimi, akaangalia na sanduku. "Na wewe umelikalia sanduku ili lisikimbie?"

Nikacheka bila kupenda. Ndivyo nilivyobaki hapa.

Siku nyingine aliniambia sababu. Babu yake yeye alikuwa mpagazi, wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani. Alikuwa akisema, "Babu yangu alipita njia hii hii na mzigo begani. Hakuruhusiwa kukimbia, hakuruhusiwa kukaa. Mimi bega langu halina kitu. Unataka nitembee?"

Basi huyo mpagazi ndiye alikuwa hadithi yake kubwa. Tukishamaliza kula, wajukuu wanamzunguka, anaanza. Mpagazi alifika pwani akautua mzigo, lakini bega likagoma kushuka. Limeinuka vile vile. Akarudi nalo huku bara limeinuka, akalima nalo, akacheza nalo ngoma, mpaka siku ya kufa kaburi lake likachimbwa pana upande mmoja. Watoto wanacheka mpaka wanajamba. Mimi nikiwa naosha vyombo namkata.

"Juzi ulisema alizikwa njiani, huko Ugogo."

"Juzi alikuwa amechoka. Leo kafika."

Sauti hiyo ninayo. Ilikuwa ya kukwaruza kidogo, kama mtu anayekuna nazi, na akikaribia pa kuchekesha alikuwa anaishusha, haipandishi. Sauti ninayo, miguu ninayo, mgongo ninao pamoja na ule mfupa uliotokeza chini ya shingo. Nikipanda kutoka hapo nakutana na tai nyekundu.

Mtu atauliza, kwa nini usitazame picha zake nyingine. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana Babu ndiye alikuwa mpiga picha wetu. Kabla simu hazijaingia, harusi zote, vipaimara vyote, watoto wachanga wote wa huku kwetu, ni yeye. Kamera aliinunua kwa Mwarabu mmoja mwenye duka mjini, familia iliyokaa Tabora tangu enzi hizo za misafara. Alikuwa anaiviringisha kwenye kitenge changu, anaifunga mgongoni kama mtoto, anakimbia nayo mpaka kwenye shughuli. Bibi harusi anashuka kwenye baiskeli, mpiga picha anatokea porini anahema.

Watu walikuwa na masharti. Lazima miguu ionekane. Ukimpiga mtu ukamkatia magotini anakuja kukugombeza nyumbani, "Viatu vipya nimenunua vya nini? Au unataka nipate ajali?" Kwa hiyo Babu alirudi nyuma, nyuma, mpaka miguu ienee, na uso ukawa mdogo kama punje ya karanga. Wamesimama wima, mikono imebana mapaja, hakuna anayepumua. Hilo hakulipenda. Alichofanya ni kuanza kuwasimulia kitu huku jicho liko kwenye kamera, uongo wowote, mpaka wanasahau kusimama, na hapo ndipo anabonyeza. Ukienda nyumba nyingi za huku utakuta bibi mwenye nyumba ukutani anacheka na mkono uko kiunoni. Ujue alikuwa anasimuliwa na mume wangu.

Za kwetu wenyewe sasa. Kamera ile ilikuwa na kitufe cha kujipiga, unakibonyeza inalia zzz, unapata muda mfupi wa kwenda kusimama na wenzako. Mtu mwenye akili anaiweka karibu. Babu alikuwa anapindua kinu, anaiweka juu yake mbali kule mwisho wa uwanja, karibu na kichanja cha vyombo, anabonyeza, halafu anatimua mbio kuja kwetu. Kwake yalikuwa ni mashindano. Kila mwaka kinu kinasogezwa nyuma kidogo. Watoto wanampigia makelele, mimi naambiwa nisitazame pembeni, na yeye anafika pale pale kamera inapolia.

Kwa hiyo ninazo picha za Babu, zimejaa kisanduku cha majani ya chai. Zote sisi tumetulia tumetoka vizuri, na pembeni kuna kitu kama moshi kimevaa kaptula.

Nilizichukua hizo nikaenda nazo mjini, Cheyo, kwa kijana mwenye studio ambaye watu wanamsifu. Sikumwambia binti yangu ninakokwenda, nilisema naenda kumwona daktari wa macho, na sidhani kama nilidanganya sana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nataka umsafishe huyu."

Akazipanga juu ya meza, akawasha taa, akaziinamia moja moja. Ni kijana mwenye adabu, hakuharakisha.

"Bibi, hizi zimecheza. Huyu mzee alikuwa kwenye mwendo."

"Najua alikuwa kwenye mwendo. Msimamishe."

"Hapa hakuna sura ya kusafisha. Ingekuwa imefifia tu ningeirudisha. Hii haikuwahi kukaa."

Akaona nimeinamisha kichwa, akanihurumia. Akasema ziko kompyuta siku hizi zinabuni zenyewe, ukizipa moshi zinakupa mtu. Akaipiga picha kwa simu yake, akabonyezabonyeza, akanigeuzia. Mzee mmoja mzuri kweli, ana mvi za kupanga, ana meno meupe, macho yamelegea kama ya mtu wa kwenye tangazo la dawa.

"Huyu ni mtoto wa nani?" nikamwuliza.

"Ndiye yeye, bibi, ila imekisia."

"Mwanangu, wa kukisia ninaye tayari. Ana suti."

Alikataa kuchukua hata shilingi. Akazifunga picha zangu kwenye bahasha mpya, akanisindikiza mpaka barabarani akanisimamishia bajaji. Kwenye bajaji nililia kidogo. Dereva akaongeza sauti ya redio, nadhani kwa heshima.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Padri alisoma Misa, tukatoka kanisani tukaja nyumbani, turubai limefungwa, wali unaiva, na michembe ya karanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nimeipika mwenyewe kwa sababu ndiyo aliyokuwa anapenda. Mwanangu kaja na mkewe na watoto, amevaa fulana yenye baba yake kifuani. Watu kama arobaini hivi, wote kifuani wana yule wa suti. Ukigeuka huku anakutazama, ukigeuka huku anakutazama. Nikakaa nyuma ya sufuria.

Ndipo akaja mtani wetu.

Huyu ni Mgogo, mstaafu wa reli, ana shamba lake hapa jirani. Wagogo na sisi tunataniana tangu wazee wetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo na kuwaomba maji. Mtani ana haki ya kusema chochote msibani, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa. Siku tunamzika Babu, mtani huyu alishuka ndani ya kaburi, akalala, akavuta kofia usoni, akasema hapa pamepatikana mwenyewe, mtafute pengine, na hakutoka mpaka tulipompa kuku.

Safari hii alifika mlangoni akasimama mbele ya bango. Akavua kofia. Akainama.

"Shikamoo mheshimiwa. Sisi huku kwetu maji bado hayajafika."

Turubai zima likaangua kicheko. Akaendelea, "Wanyamwezi, mlizika mtu wenu ardhini mkafukua mbunge? Nifundisheni hiyo mbolea." Akageuka kwa mwanangu. "Wewe kijana wa mjini, ninachodai hapa ni jirani yangu, mwizi wa viazi vyangu, yule mwenye pengo. Huyu kafunga mdomo, hata sijui kama ana ulimi. Mleteni mwenye pengo ndipo nile."

Mwanangu alicheka kwa kulazimika. "Mtani, umelewa mapema. Baba hakuwa na pengo. Alikuwa na meno yote."

"Meno yote? Wewe ulimwona lini mara ya mwisho akicheka?"

Lilikuwa ni la utani, lakini lilimwingia. Nilimwona akishika ile fulana kifuani. Aliondoka hapa kijana, na akirudi anarudi siku mbili, na Babu mbele yake alikuwa anajitahidi kuonekana mzima.

Binti yangu akasema pengo lilikuwepo, upande wa kulia. Mtani akasema kulia kwa nani, la kushoto hilo, mimi ndiye niliyekuwa nalitazama likinidanganya. Shemeji yangu akasema lilikuwa chini. Wajukuu wakagawanyika kama kwenye mpira, huku kulia, huku kushoto. Halafu mmoja wao, msichana wa sekondari, akasema, "Si tumwulize Bibi?"

Wakanigeukia wote.

Nikafungua mdomo, nikaona sijui. Nilijua lilivyopatikana. Siku moja ya masika alijikwaa akikimbia, akaangukia jiwe, akaja na jino kwenye kiganja ananionyesha kama mtu aliyeokota pete. Hiyo naikumbuka mpaka rangi ya matope. Lakini ni upande gani, sijui. Mke mzima nimekaa na mwiko mkononi, watu wananingoja, na mtani kule aliona. Akaacha mzaha. Akasogea mpaka kwenye sufuria akasema chini chini, "Shemeji, achana nao, mimi nilikuwa natafuta nyama tu."

Mkono wangu ulikuwa unashika mwiko, na mwiko una michembe. Nikaona umeinuka. Sikuuinua mimi.

Kwenye ugonjwa wake wa mwisho Babu alibana meno. Hakula. Daktari alisema apewe uji hivyo hivyo. Nilikuwa namwegemeza ukutani, nakaa mbele yake, natumia kijiko kidogo cha chai, na pa kupitishia palikuwa ni pale tu penye pengo. Nilikuwa sivushi mkono. Nilikuwa nanyoosha moja kwa moja kutoka kwenye bakuli, mkono wangu wa kulia, mbele yangu, bila kuukunja. Siku zote zile sikuwahi kuvuka kwenda upande wake wa pili.

"Kushoto kwake," nikasema. "La juu. La pili kutoka kwenye chonge, kwenda mbele."

Hakuna aliyebisha. Mtani akavaa kofia yake akasema, "Mwenye mali kasema," akachukua sahani.

Watu wakarudi kwenye kula. Mwanangu akaja na kigoda akakaa karibu yangu, moshi unampiga machoni.

"Mama, kwa nini hakuniambia kama aliumia?"

"Ungemwambia aache kukimbia."

"Ningemwambia."

"Ndiyo maana."

Kisha akaniomba nimsimulie lile la jiwe, tangu mwanzo, na nisiruke kitu. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kiganja chenye jino alicheka, na mdomo wake uliinuka upande mmoja kwanza ndipo wa pili ukafuata. Nikamwambia abaki hivyo hivyo asicheke sana. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, kula.

Picha bado ipo juu ya redio. Sitaishusha, ni ya mwanangu, alimnunulia baba yake suti kwa namna aliyoweza. Mchana nikijilaza na kufumba macho, mara nyingi bado anatangulia kuja huyo mwenye tai. Simfukuzi. Namwambia afungue mdomo. Hafungui, basi namwambia apishe mlangoni. Nyuma yake unakuja mdomo peke yake, umeinuka upande mmoja, una pengo la juu kushoto. Pua bado. Macho bado. Nalala hivyo hivyo nangoja, na binti yangu akiniita chai naitikia kwamba nakuja, halafu siendi.